Mbuzi wa Mawe

Wasikilizaji, leo sina la kusema juu ya bei ya mifugo sokoni, wala juu ya nani atagombea kiti gani. Nataka tuzungumze kuhusu mawe kumi na saba.

Ila kabla ya mawe nina deni. Wiki iliyopita nilikuwa stejini mjini Isiolo nikingoja gari la kuelekea Archers Post. Mama mmoja wa Ngaremara, mtoto mgongoni na mwingine ameshikwa mkono, akanitambua kwa sauti. Akaniambia, "Mwalimu, si wewe ulifundisha chekechea? Hebu niambie, toi gani ni nzuri ya kumfunza mtoto? Nimeona dukani zile herufi za plastiki, na kuna ile simu inayoimba." Nami, jicho langu likiwa kwa gari lisije likaniacha, nikamjibu, "Mama, nunua yoyote tu." Gari likaja, nikapanda. Tangu siku hiyo lile jibu linaniwasha. Mtu amekuuliza jambo la maana mbele ya watoto wake, unamtupia maneno manne kama unamtupia kuku mtama! Kwa hiyo haya ninayosema asubuhi ya leo ni yake. Ninyi wengine mnasikiliza tu kwa hisani yake.

Sasa mawe.

Ilikuwa mwaka 2022. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu mwisho wa 2020 mvua zilikuwa zikitupita, na ukame ule haukuisha mpaka tulipokosa misimu mitano mfululizo. Nilikuwa Ngaremara, mahali ambapo hata jina lenyewe lina maji ndani yake, maana ngare kwa Kimaa ni maji, na maji ndiyo yaliyokuwa hayaonekani. Namngoja mwenyeji wangu, nimekaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Hatua chache kutoka nilipokaa, chini ya mgunga, palikuwa na msichana wa miaka mitano, labda sita. Alikuwa amejenga boma. Vijiti vya miiba vimezungushwa vizuri, mlango umeachwa upande usio na upepo, na ndani ya boma kuna zizi dogo la pembeni, la watoto wa mbuzi. Ndani ya boma lote kulikuwa na mawe kumi na moja. Meupe, mekundu ya udongo, moja jeusi lenye baka. Nje ya boma, mengine sita, yote yamelazwa ubavu.

Nikamwuliza kaka yake, aliyekuwa akijua Kiswahili, haya ya nje ni ya nini. Kaka akamwuliza kwa Kiturkana. Yule mtoto akajibu bila kuinua kichwa, na kaka akanitafsiria: "Hao wamekufa."

Nikauliza tena, ualimu ukiwa umenipanda kichwani, "Basi mwulize wamebaki wangapi." Hapo ndipo akainua kichwa. Akanitazama jinsi mtu mzima anavyotazamwa anapouliza upuuzi. Hakutaja idadi. Akaanza kuwagusa mmoja mmoja walio ndani na kuwaita kwa rangi zao, kisha akanyoosha kidole nje na kuwaita wale sita pia, kila mmoja kwa rangi yake na alama yake. Akanyamaza. Kwake swali lilikuwa limejibiwa. Aliyehesabu kumi na moja na sita nilikuwa mimi.

Wafugaji mnaonisikiliza mmeelewa tayari. Mchungaji haulizwi wangapi, anaulizwa nani hayupo. Jioni mifugo inapoingia bomani, macho hupita juu ya migongo, na kama yule mwenye sikio lililochanika hakuingia, moyo unajua kabla ya kidole. Kuna wazee wengi hawapendi kabisa mifugo yao ihesabiwe kwa sauti, na watoto wao vilevile. Lakini wasiopenda kuhesabu ndio hao hao wasiopotewa na mbuzi.

Nilipotoka pale nilienda nikaufungua mtaala. Mtaala wa umilisi, huu wa CBC, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019 kwa watoto wa chekechea na gredi za mwanzo. Upande wa hisabati kwa watoto wa PP1, kabla hata ya kufika kwenye kuhesabu, mwalimu anatakiwa awafundishe watoto kuainisha vitu: vyenye rangi moja vikae pamoja, vikubwa huku, vidogo kule. Halafu kuoanisha. Halafu kupanga kwa mfuatano. Nikajiuliza, yule msichana amebakisha nini? Ameainisha kwa rangi. Ametenga wakubwa na wadogo. Ameoanisha jiwe na mbuzi aliye nyumbani kwao, moja kwa moja, bila kukosea. Na kutoa pia anakujua, maana wale sita walitolewa.

Nikiri kwamba sikuliona hilo palepale. Nililoliona palepale ni mtoto anayewazika mbuzi wa baba yake. Mtoto wa umri ule hana maneno ya kusema nyumbani kuna nini. Watu wazima hata sisi tulikuwa hatuna. Ila mikono yake ilikuwa inalijua jambo, na ilikuwa inalipanga polepole, ndani na nje ya ua. Sijui toi ipi ya dukani ingemfanyia kazi hiyo.

Mama yangu wa stejini, nisikize vizuri hapa. Sisemi usinunue. Nitafika huko.

Nilifika shule moja, sitaji jina wala sitaji ni upande gani wa kaunti. Mwalimu wa chekechea alinipokea kwa furaha akanionyesha darasa lake: michoro ukutani, mkeka chini, watoto wamejaa hadi mlangoni, wanaimba a-e-i-o-u kwa nguvu zote. Nikamwuliza kuhusu vifaa vya kuchezea. Akasema viko, vililetwa na wafadhili, vingi tu. Viko wapi? Kwenye kabati. Ufunguo? Ufunguo anao mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu yuko mkutanoni mjini. Jioni aliporudi tukafunguliwa kabati, na humo ndani, wasikilizaji, mlikuwa na utajiri. Vitofali vya plastiki vya kila rangi. Picha za kupanga vipande. Shanga za kutunga. Vyote vingali ndani ya nailoni yake, na vumbi limeshaanza kukaa juu ya nailoni.

Ni rahisi kuwacheka. Mimi nilitaka kuwacheka. Lakini yule mwalimu alinieleza kwa utaratibu. Alitia sahihi alipokabidhiwa. Kila kipande kina hesabu yake kwenye daftari la stoo. Mtoto akienda na kitofali kimoja mfukoni, ataulizwa nani? Halafu akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, wakija wageni wakavikuta vimechakaa, watasema tumeviharibu. Wakivikuta vipya watafurahi." Hebu lifikirie. Tumewafundisha walimu wetu kwamba toi safi ni dalili ya shule nzuri, wakati toi safi maana yake ni kwamba hakuna mtoto aliyecheza.

Kati ya zile picha za kupanga, moja ilikuwa ya nyumba iliyozama kwenye theluji, na mbele yake dubu. Tulipoifungua, mtoto mmoja akaitazama sana, akasema ni fisi. Mwingine akabisha kuwa fisi hanenepi hivyo. Wakabishana vizuri mno, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiturkana, kuhusu masikio, kuhusu mkia, kuhusu miguu ya nyuma. Somo zima la sayansi likapita mbele yangu, na halikumo kwenye maelekezo ya kisanduku. Kwa hiyo hata dubu wa ugenini ana faida yake akitolewa kabatini.

Tuingie barabarani sasa. Ngaremara iko kwenye barabara kuu ya Isiolo kwenda Moyale. Wale wa umri wangu mnaikumbuka barabara ile kabla ya lami, ilivyokuwa ikivunja magari na migongo. Siku hizi malori yanapita usiku na mchana, na watoto wa kando ya barabara wanayasoma malori kama sisi tulivyosoma vitabu. Nimeona lori moja lililotengenezwa kwa mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano. Ubavu mmoja umekatwa ili uwe mahali pa mzigo. Magurudumu yamekatwa kwenye ndara kuukuu, nyuma yamewekwa mawili mawili, kama lori lenyewe. Ekseli ni waya. Usukani ni fimbo ndefu yenye kiduara cha waya juu, ili dereva atembee wima huku akiliongoza.

Dereva alikuwa kijana wa miaka tisa hivi. Alikuwa amelijaza changarawe nyuma, nalo lilikuwa linainua pua kila alipolivuta. Akasimama. Akazunguka mbele. Akaokota jiwe, akaliweka ndani ya kichwa cha lori. Akavuta, likainua pua kidogo. Akatoa jiwe, akaweka kubwa zaidi. Akavuta, likatulia. Akaondoka kwa mlio wa injini uliotoka kooni mwake, hata gia akabadilisha. Hakuna aliyempigia makofi. Mtu mzima pekee aliyekuwa karibu alikuwa anamwita aende akafungue ndama.

Mbele kidogo walikuwapo wenzake wawili waliokuwa wameweka kizuizi. Kamba imefungwa kwenye mawe mawili. Mmoja amevaa kofia ya karatasi. Akalisimamisha lori, akazunguka akikagua magurudumu kwa fimbo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akanyoosha kiganja. Dereva akampa kizibo cha soda. Kamba ikashushwa. Nilicheka hadi machozi, halafu nikaacha kucheka. Hilo nalo wamejifunza kwa kucheza, na wamelijua barabara. Tukisema mchezo ni shule, tukubali kwamba shule hiyo haina mkaguzi. Inafundisha kila kinachopita mbele ya macho ya mtoto, na sisi ndio tunaopita.

Lori lile linanikumbusha seremala mmoja wa Denmark aliyeitwa Ole Kirk Christiansen, katika kijiji cha Billund. Mwaka 1932 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawajengi nyumba, kazi za useremala zimekauka. Akaanza kuchonga vitu vidogo vya mbao: magari, ndege, wanyama wenye magurudumu. Jina aliloipa kazi yake lilitokana na maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, yaani cheza vizuri. Ndiyo LEGO hiyo. Kitofali cha plastiki chenye vichuguu, hicho kinachojulikana dunia nzima, kilikuja baadaye; namna yake ya kushikana ilisajiliwa 1958. Namtaja kwa sababu watu wetu huona vitu hivi vimefungwa kwenye maboksi yanayong'aa wakadhani vimeshuka kutoka mbinguni. Vilianza kwa fundi aliyekosa kazi na mabaki ya mbao. Yule dereva wa mtungi wa mafuta na yeye wangeelewana.

Hata chekechea yenyewe ilianza na vitu vidogo. Mjerumani Friedrich Froebel, ambaye kituo chake cha mwaka 1837 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa chekechea tunazozijua, aliwapa watoto vitu ambavyo ukiviona utacheka: mipira laini ya nyuzi, kisha tufe la mbao, na mchemraba, na mche wa duara. Hivyo tu, kwa kuanzia. Siri ilikuwa kwa mtu mzima aliyeketi nao na kuuliza: hiki kinaviringika, kile mbona hakiviringiki?

Tusiende mbali hivyo. Hapa hapa Kenya, Mombasa, mwaka 1986, mwalimu Swafiya Said, watu wa pwani wakimwita Bi Swafiya, alianza kazi ambayo bado naiheshimu kuliko semina zote nilizohudhuria. Familia nyingi za Kiislamu zilitaka watoto waingie shule ya msingi wakiwa tayari, lakini hazikutaka kuwaondoa kwenye chuo cha Kurani. Kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, Bi Swafiya akaanzisha chekechea za madrasa, dini na masomo ya awali chini ya paa moja, wazazi wenyewe wakiwa wenye shule. Mpango ukavuka hadi Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Na jambo lililonivutia mimi mwalimu wa bara ni hili: vifaa vya kuchezea vilitengenezwa na walimu na akina mama kutokana na vitu vya hapo hapo mtaani. Pwani hawakosi vifuu vya nazi, hawakosi makombe ya baharini, hawakosi vipande vya kanga. Mwalimu aliyeshona mdoli kwa mkono wake hamfungii kabatini. Akichanika, atamshona tena. Hakuna daftari la stoo la mdoli wa kanga.

Na tukivuka tu Ewaso Ng'iro pale Archers Post tunaingia kwa ndugu zetu Wasamburu, ambako miaka ya tisini kulikuwa na mpango wa loipi. Loipi kwa Kisamburu ni kivuli. Walioanzisha mpango huo, ukiungwa mkono na Taasisi ya Elimu ya Kenya na shirika la Bernard van Leer la Uholanzi, hawakuanza na kujenga madarasa. Waliuliza kwanza: hawa akina mama wakienda kutafuta maji na kuni, watoto hukaa na nani? Jibu lilikuwa la zamani kuliko serikali. Hukaa na nyanya, kivulini, ndani ya ua. Basi wakaimarisha kile kivuli. Ua ukatengenezwa vizuri, uji ukapikwa, watoto wakapimwa uzani na kuchanjwa, nyanya wakaendelea na hadithi zao na nyimbo zao, na vitu vya kuchezea vikatengenezwa na wazazi kwa vijiti, kamba, ngozi na mbegu. Ukipita upande huu wa Waturkana utakuta vilevile mdoli anayetokana na koko ya mkoma, ule mti unaoota kando ya mto, Waturkana wanauita engol. Koko huvishwa ushanga na kipande cha ngozi, ikawa mtoto wa mtoto.

Mnaona ninakoelekea. Kitu chenyewe kinaweza kuwa cha dhahabu au cha koko. Ninachokitafuta ni yule nyanya.

Niseme kidogo kuhusu bao, maana bila bao mazungumzo haya hayajakamilika. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilitangaza kazi ya mtafiti Mkenya, Veronica Waweru, aliyekuta mabao yamechimbwa kwenye mwamba huko Lewa. Lewa, wasikilizaji! Hapo jirani, ukitoka Isiolo kuelekea mlimani. Vishimo kwa safu, vingine vimelika zaidi ya vingine, ishara kwamba watu walirudi kucheza hapo kizazi baada ya kizazi. Na kule Hyrax Hill, Nakuru, kuna mengine kama hayo kwenye mwamba. Kwa hiyo mtu akikwambia mchezo wa kufundisha hesabu ni kitu kilicholetwa na mzungu kwenye boksi, mpeleke Lewa akaone.

Bao la Kiswahili lenyewe, lile la mashimo 32 na kete 64, ni la watu wazima. Linaweza kumtoa mtu jasho hadharani. Lakini jamii nyingi za Kenya zina bao dogo la safu mbili, na hilo huchimbwa chini kwa kisigino. Kete? Kokoto. Mbegu. Na kwa wafugaji, nisamehewe na wanaokunywa chai sasa hivi, mavi ya mbuzi yaliyokauka, ambayo ni ya duara, mepesi, hayaishi na hayana bei. Mtazame mtoto wa miaka saba akiwa na kete tano mkononi. Anasita. Macho yanatangulia mkono: moja hapa, mbili, tatu, nne, ya tano itaangukia pale, pale pana mbili, zitakuwa tatu. Amejumlisha kabla ya kugusa. Akikosea, hakuna kosa kwa kalamu nyekundu. Anapoteza kete, anauma mdomo, anajaribu tena. Nilifundisha kujumlisha kwa chaki miaka mingi. Laiti mtu angenionyesha mapema kutoka nje nikachimbe mashimo.

Kuna jambo moja zito, na sitalipamba. Tunapowasifu watoto kwa kuokota na kuunda, tukumbuke wanaishi wapi. Maeneo ya Archers Post yametumika kwa mazoezi ya kijeshi miaka mingi. Mabomu na risasi zisizolipuka zilibaki ardhini, na walioziokota mara nyingi walikuwa watoto wachungaji. Kitu kinang'aa, ni kizito, ni kizuri kwa gurudumu. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya mia mbili, Wasamburu na Wamaasai wa Archers Post na Dol Dol, waliojeruhiwa au kufiwa. Pesa hizo hazikumrudishia mtu mkono. Mzazi, mtoto wako anayetafuta vyuma vya kutengenezea gari umfundishe jambo moja kabla ya yote: chuma usichokijua hukiokoti, hukipigi mawe, unaita mtu mzima. Walimu, fanyeni hilo liwe mchezo pia, mwenye kuita mtu mzima ndiye mshindi, lirudiwe kila juma mpaka liwe kama kupepesa jicho.

Sasa turudi kwa akina mama na pesa, maana swali lilikuwa la kununua.

Elimu ya chekechea ilikabidhiwa kaunti na Katiba ya 2010, kwa hiyo mwenye kuulizwa kuhusu vifaa na walimu wa PP1 na PP2 yuko hapa hapa, si Nairobi. Niliwahi kuwasikia wazazi wakinung'unika kwamba mtaala huu wa CBC umewageuza wanafunzi: mtoto anarudi na kazi ya kutengeneza kitu, usiku mama ndiye anakata manila na kubandika gundi, asubuhi mtoto anabeba kazi ya mama yake. Wanayo haki ya kunung'unika. Pesa ya manila ni pesa ya unga. Na mtoto amejifunza nini, zaidi ya kwamba mama yake ana mkono mzuri? Mtoto wa Ngaremara aambiwe alete lori lake la mtungi, liwekwe juu ya meza, aeleze kwa nini kuna jiwe kwenye kichwa cha lori. Huo ndio mtihani ambao ningependa kuusahihisha.

Na wasichana. Yule wa mawe, nilimwona akiinuka katikati ya mchezo kwa sababu aliitwa abebe mtungi. Aliwapanga wale mbuzi vizuri, akafunga mlango wa boma kwa mwiba, akaenda. Kaka yake hakuitwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 kuhusu haki za mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, unasema katika ibara ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haujasema mvulana. Maji ni lazima yaletwe, hilo nalijua, nami nimekula katika nyumba ambazo bila mtoto kwenda mtoni chungu hakiinjikwi. Lakini kama kuna watoto wawili na mitungi miwili, hesabu hiyo hata mwenye mavi ya mbuzi anaiweza.

Nakaribia kumaliza, mtayarishaji ananionyesha saa.

Walimu wakuu wenye makabati, wiki hii yafungueni. Kitofali kikipotea, andikeni kwenye daftari: kimechezewa kikaisha. Maofisa wa kaunti, mkikuta daftari limeandikwa hivyo, mpeni mwalimu mkono wa pongezi, na mkilikuta boksi jipya lenye nailoni, ulizeni kwa nini.

Na wewe mama wa stejini, ikiwa unanisikia. Zile herufi za plastiki ni nzuri, zinunue siku ukiwa na nafasi. Ile simu inayoimba iache, itaimba siku mbili betri iishe. Mpira wa kawaida una faida zaidi, na chaki. Lakini leo jioni, kabla hujamwita mtoto wako akusanye kuni, chuchumaa kando ya boma lake dakika chache, na umwulize yule mweusi mwenye baka amelala wapi, na kwa nini huyu mdogo umemtenga. Umwulize kwa Kiturkana.